Wiski ya mtu asiye na kiwanda

Ndugu msikilizaji, na wewe unayesoma maneno haya gazetini, leo naomba nianze na ugomvi mdogo wa kifamilia uliotokea Terrat, kusini mwa jiji letu la Arusha. Ugomvi huo ndio ulionifanya nishinde juma zima nikisoma habari za kinywaji ambacho mimi mwenyewe hukionja mara moja kwa mwaka, tena kwa kulazimishwa.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, ni kiongozi wa watalii. Mwezi uliopita alimaliza safari ya siku tisa pamoja na mzee mmoja wa Kiskoti na mkewe: Tarangire, Ngorongoro, Serengeti, kisha kurudi. Siku ya kuagana pale KIA, yule mzee alimpa bahasha ya bakshishi kama ilivyo desturi. Halafu akafungua begi lake, akatoa chupa, akamkabidhi kwa mikono miwili na kumwambia kwamba bahasha ni malipo ya kazi, zawadi ni hii.

Kijana akaja nayo Terrat Jumapili, nasi tukakusanyika kuitazama. Shemeji yangu, baba yake, aliivaa miwani, akaigeuza chupa mara tatu, kisha akatoa hukumu.

"Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, mwanangu. Hii ni feki."

Ushahidi wake haukuwa mdogo. Kwanza, hapakuwa na yule bwana wa kofia na fimbo ambaye kila mnywaji wa Arusha anamfahamu. Pili, lebo yenyewe ilikuwa na maandishi mengi kama cheti cha chanjo: jina kubwa, Signatory, chini yake jina jingine lisilotamkika, Caol Ila, kisha mwaka 2010, mwaka 2022, namba ya pipa, na kwamba hii ni chupa namba 143 kati ya 271. Tatu, rangi. Wiski ya kweli, alisema shemeji, ni nyekundu kama chai ya rangi, na hii ilikuwa imepauka kama majani yaliyochemshwa mara ya pili. Nne, na hapa hata mimi nilitikisa kichwa, haikuwa na stempu ya TRA. Tangu mwaka 2019 pombe kali inayouzwa nchini hubandikwa stempu ya kielektroniki, na wengi wetu tumeshazoea kuitafuta shingoni mwa chupa kabla ya kutoa fedha.

Mpwa wangu aliumia. Siku tisa aliwabeba wale wazee kama mayai, alimtafutia bibi dawa ya tumbo usiku wa manane kule Seronera, halafu ndiyo apewe takataka? Alikwisha kuandika ujumbe kwenye simu wa kumpelekea yule mzee. Akanipa niusome, "maana mjomba wewe ni mtu wa redio, unajua maneno." Nikausoma. Ulikuwa na adabu mwanzoni, lakini mwishoni ulikuwa na pilipili. Nikamwomba anipe juma moja.

Naam, juma limekwisha, na haya ndiyo niliyoyapata.

Wiski ya Uskoti ya aina hii hutengenezwa kwa shayiri, nafaka ile ile ambayo wakulima wa Monduli na Karatu huilima kwa ajili ya viwanda vya bia. Shayiri huloweshwa, huachwa ichipue, kisha hukaushwa, na hicho ndicho kimea. Sina haja ya kueleza zaidi, kwa kuwa kila aliyewahi kumwona mama wa Kichaga akianika ulezi wa mbege anajua ninachosema. Kimea husagwa, hutiwa maji ya moto, huchachushwa kwa hamira, na pombe inayopatikana hupikwa katika mitungi mikubwa ya shaba, mara nyingi mara mbili. Mvuke wake ukipozwa hutoka kitu cheupe kama maji na kikali kupita kiasi. Mpaka hapo, ndugu yangu, tofauti ya Mskoti na mpika gongo wa bondeni ni shaba, usafi na leseni.

Lakini kile cheupe kule hakiruhusiwi kuitwa wiski. Sheria yao, ambayo kanuni zake za sasa ni za mwaka 2009, inadai kilazwe ndani ya pipa la mti wa mwaloni lisilozidi lita 700, ndani ya Uskoti, kwa muda usiopungua miaka mitatu, na kikiingia chupani kisipungue nguvu ya asilimia 40. Mapipa yenyewe mara nyingi ni mitumba. Mengi yametoka Marekani yakiwa yamebeba bourbon, mengine yalibeba mvinyo wa sherry wa Hispania. Pipa ndilo linaloipa wiski rangi na sehemu kubwa ya ladha, na kila mwaka kiasi cha asilimia mbili hivi hupotea hewani kupitia mbao. Waskoti hukiita kiasi hicho fungu la malaika. Wenzetu wana malaika wanywaji.

Sasa, sehemu kubwa ya wiski inayonywewa duniani haitoki kwenye kiwanda kimoja. Zile chupa tunazozijua, Johnnie Walker, Ballantine's, Chivas Regal na wenzao, ni mchanganyiko. Mchanganyaji huchukua wiski ya viwanda vingi, ya shayiri na ya nafaka nyingine, akazichanganya ili chupa ya leo ifanane na ya mwaka jana na ya mwaka kesho. Hakuna tajiri mwenye kila kiwanda anachokihitaji. Kwa hiyo kwa zaidi ya karne nzima wenye viwanda wamekuwa wakibadilishana mapipa, wakiuziana, na madalali wakipita katikati. Matokeo yake ni kwamba ghala la Uskoti limejaa mapipa ambayo aliyeyapika si yule anayeyamiliki.

Hapo katikati ndipo anaposimama mtu wetu wa leo, mjazaji wa kujitegemea. Hana shamba la shayiri na, kwa kawaida, hana mtungi wa shaba. Ananunua pipa, au anapeleka pipa lake tupu kiwandani likajazwe, analilaza miaka kumi, ishirini, au zaidi. Siku anapoona limeiva analifungua, analimimina kwenye chupa bila kulichanganya na la kiwanda kingine, na anaandika juu yake ni la nani, la lini, na zilipatikana chupa ngapi.

Mfano wa nyumbani upo. Mkulima wa Poli au Nkoaranga anapeleka kahawa yake kwenye chama cha msingi. Inakobolewa, inapangwa madaraja, na ikifika mnadani Moshi inaitwa AA au PB. Si kosa, ndivyo biashara ilivyo, lakini jina la mkulima limekwisha kuzama. Sasa fikiria mtu anakuja, ananunua gunia mbili za mkulima mmoja tu, anazikaanga peke yake, na kwenye pakiti anaandika kijiji, mwezi wa kuvuna na idadi ya pakiti zilizotoka. Huyo hana hata mche mmoja wa kahawa, lakini kwa mara ya kwanza mnywaji wa Berlin anajua kwamba kuna mahali panaitwa Nkoaranga, na kwamba kahawa yake haifanani na ya jirani.

Kazi hii ni ya zamani. William Cadenhead ni jina lililoanza Aberdeen mwaka 1842, na kampuni hiyo, ambayo leo iko Campbeltown, ndiyo kongwe kuliko zote za aina yake huko Uskoti. Gordon & MacPhail walianza mwaka 1895 kama duka la vyakula katika mji wa Elgin, wakiuza chai, sukari na wiski kwa pamoja, kama duka la Mhindi wa zamani pale mjini kati. Walijaza mapipa yao kwenye viwanda vya jirani wakayaacha yalale. Uvumilivu wao unatisha: pipa lao moja la Glenlivet lililojazwa mwaka 1940, vita vikipiganwa, lilifunguliwa mwaka 2020 likiwa na umri wa miaka 80. Aliyeliweka hakulinywa. Andrew Symington alianzisha Signatory mwaka 1988, na hiyo ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye chupa ya mpwa wangu.

Wenye viwanda hawakuwapenda sana watu hawa wakati wote, na naona sababu yao. Mtu amelijenga jina lake kwa miaka mia, halafu mwingine anauza pipa moja, pengine baya, na jina lile lile limo kwenye lebo. Ndiyo maana baadhi ya mapipa huuzwa kwa sharti kwamba jina la kiwanda lisitajwe. Wengine hufanya ujanja wa kijiko: kabla ya kuliuza pipa humwaga ndani kiasi kidogo cha wiski ya kiwanda kingine, na kuanzia hapo, kwa mujibu wa sheria, pipa hilo haliwezi tena kuitwa la kiwanda kimoja. Kuna chama cha wanywaji kilichoanzishwa Edinburgh mwaka 1983, Scotch Malt Whisky Society, ambacho kilikwepa ugomvi wote kwa kutumia namba badala ya majina. Kwao Glenfarclas ni namba 1, na Caol Ila ni 53. Kila mwanachama anajua, na hakuna aliyetaja jina la mtu.

Turudi kwenye chupa yetu. Caol Ila, ambayo wenyewe huitamka karibu na "Kalila", ni kiwanda kilichojengwa mwaka 1846 katika kisiwa cha Islay, magharibi mwa Uskoti. Mwenye nacho leo ni kampuni ya Diageo, mwenye Johnnie Walker vilevile, na sehemu kubwa ya wiski ya Caol Ila huishia katika michanganyiko. Ni mwaka 2002 tu ndipo wenye kiwanda walipoanza kuiuza kwa mapana kwa jina lake wenyewe. Kabla ya hapo, wengi waliowahi kuionja peke yake waliionja kwa mkono wa wajazaji wa kujitegemea. Shemeji alikasirika kwamba bwana wa fimbo hayumo kwenye lebo. Nilimweleza kwa heshima zote kwamba bwana wa fimbo huchota kwenye mtungi huu huu.

Na ile rangi? Sheria inaruhusu wiski kutiwa rangi ya sukari iliyounguzwa ili chupa zote dukani zifanane, na wenye michanganyiko mikubwa huitumia. Wajazaji wengi wa kujitegemea hawaitii. Pipa la mtumba lililokwisha kutumika mara mbili au tatu hutoa rangi hafifu hata baada ya miaka kumi na miwili, na hivyo ndivyo chupa ya Terrat ilivyo. Weupe wake ndio uliokuwa ushahidi wa upande wa utetezi.

Namba nazo zinahesabika. Chukua pipa la lita 250, la ukubwa wa kawaida sana kule. Toa asilimia mbili kila mwaka kwa ajili ya malaika, kwa miaka kumi na miwili. Inabaki kama lita 196. Zigawanye kwenye chupa za mililita 700, unapata chupa 280. Lebo ya mpwa wangu inasema 271. Nilifanya hesabu hiyo kwa penseli nyuma ya bahasha, na nakiri nilisikia raha kama mtoto aliyepata jibu la mwalimu. Mwongo angeweza kuandika namba yoyote, ni kweli, lakini waongo wengi huandika namba kubwa, kwa sababu wanataka kuuza nyingi.

Stempu ya TRA haikuwapo kwa kuwa chupa haikununuliwa hapa. Msafiri mtu mzima huruhusiwa kuingia nchi za Afrika Mashariki na lita moja ya pombe kali kwa matumizi yake bila ushuru, na mzee aliibeba begini.

Rafiki yangu mmoja aliyesimama kaunta ya hoteli ya kitalii kwa miaka mingi alinionjesha Caol Ila nyingine, ili nisije nikazungumza redioni habari za kitu nisichokijua. Shayiri ya visiwa vile hukaushwa kwa moshi wa udongo mweusi wa mabwawa, unaochimbwa, ukaanikwa na kuwashwa kama kuni. Nilipokunywa tone la kwanza nilikumbuka kibuyu cha maziwa kilichofukizwa kwa mti wa oloirien. Sisemi vinafanana. Nasema bibi yangu angekielewa kinywaji hicho upesi kuliko mimi.

Kuna jambo jingine ambalo kwa maoni yangu ndilo linalowapa watu hawa heshima. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 Uskoti ilikuwa imepika wiski kuliko dunia ilivyoweza kunywa. Wakubwa wakafunga viwanda, vingi kwa mkupuo mmoja. Port Ellen na Brora vyote vilizimwa mwaka 1983, na Rosebank mwaka 1993. Kwa hesabu za wahasibu vilikuwa vimekufa. Lakini mapipa yake yalikuwa yamelala katika maghala, mengine yakiwa ni mali ya wajazaji, nao wakaendelea kuyafungua moja baada ya jingine, mwaka hadi mwaka, na jina la kiwanda kilichokufa likiwa kwenye lebo. Watu wakaonja, wakauliza, wakalia. Brora imewashwa tena mwaka 2021, Rosebank mwaka 2023, na Port Ellen mwaka 2024. Sidhani kama kuna tajiri angefufua jina ambalo hakuna aliyelionja kwa miaka thelathini.

Msinielewe vibaya, hawa si malaika, wala si wale malaika wanywaji. Pipa baya lipo, na mjazaji mwenye njaa hulijaza hivyo hivyo na kuliita adimu. Bei zake nyingine ni za kumfanya mtu aangalie mara mbili kama nukta imewekwa mahali pake. Na miaka ya karibuni huko Uingereza wamezuka matapeli wanaowauzia wastaafu mapipa kama akiba ya uzeeni, pipa moja likiuzwa kwa watu kadhaa, au pipa lenyewe lisiwepo kabisa. Nao biashara yenyewe inawabana, kwa sababu wenye viwanda wanazidi kuyashikilia mapipa yao. Gordon & MacPhail walitangaza mwaka 2023 kwamba kuanzia 2024 hawatajaza tena mapipa mapya ya viwanda vya wengine, baada ya miaka zaidi ya mia moja na ishirini. Wana viwanda vyao wenyewe sasa. Akiba iliyolala itawachukua miongo kadhaa kuimaliza.

Haya. Nimeyaeleza yote haya sebuleni kwa dada, na shemeji akaniuliza swali moja ambalo limenikaa kichwani kuliko wiski yote ya Uskoti. "Shemeji, sasa sisi hapa mtu wa katikati ni nani?"

Ni swali zito, kwa kuwa wajazaji wasio na mitambo ya kupikia tunao tele. Pombe kali nyingi za bei nafuu katika nchi zetu hazikupikwa na yule ambaye jina lake liko kwenye chupa. Ananunua spiriti tupu, iliyopikwa kwa molasi ya miwa au nafaka, nyingine kutoka nje na nyingine ya hapa hapa, maana Kilombero walifungua kiwanda chao cha spiriti mwaka 2013. Anaongeza maji, ladha na rangi, anajaza. Hilo si kosa wala si sumu. Ila soma lebo: utakuta simba, tai, mfalme au mwanajeshi, na nguvu ya asilimia. Nani alipika, wapi, lini, hutakuta. Enzi za viroba, kabla serikali haijavipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017, kile kipakiti kilikuwa kidogo kiasi kwamba hata angetaka kukueleza asingepata mahali pa kuandika.

Majirani zetu wa Uganda walijaribu kumweka mtu wa katikati kwa nguvu ya sheria. Wanavijiji walikuwa wakipika enguli kwa ndizi na mazao mengine tangu zamani. Sheria ya mwaka 1965 ikasema asiyekuwa na leseni asipike, na mwenye leseni auze alichokipika kwa kampuni moja ya serikali, Uganda Distilleries, ambayo iliisafisha na kuijaza chupani kwa jina la Uganda Waragi. Kinywaji kikajulikana dunia nzima. Mpikaji wa kijijini hakujulikana popote, hakuna chupa iliyoandikwa jina la kijiji. Na wale ambao hawakupata leseni, au walioona bei haifai, waliendelea gizani. Sisi kwetu sheria ya mwaka 1966 ilimkataza asiye na leseni kupika moshi, yaani gongo, na kila mkazi wa Arusha anajua gongo iliishia wapi. Haikuishia popote.

Gizani ndiko wanakofia watu. Aprili 2010 huko Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, watu wapatao 80 walikufa kwa waragi yenye sumu. Novemba 2000, katika vitongoji vya maskini vya Nairobi, chang'aa iliua zaidi ya watu 100 na kuwaacha wengine vipofu. Sumu ni methanoli, spiriti ya viwandani inayotumika kwenye rangi na viyeyusho, ambayo ikiingia mwilini hugeuka asidi inayounguza mishipa ya macho. Watu husema mpikaji aliharibu. Mara nyingi si kweli. Ndizi au sukari ikipikwa vizuri haitoi methanoli ya kuua kijiji. Anayeua ni yule aliyepokea dumu kwa mpikaji, akaona faida ni ndogo, akaongeza spiriti ya bei rahisi aliyoipata kwenye pipa la kiwandani, na kumpa muuzaji. Mpikaji hakuwapo, mnywaji hakuona, na dumu halina lebo. Kule Islay mahali hapo hapo, kati ya mtungi na mdomo, amesimama mtu aliyeandika jina lake, namba ya pipa na namba ya chupa. Akidanganya, anafuatwa.

Nami nimewahi kuonja uchungu wa dumu lisilo na lebo. Mwaka fulani, kijana mmoja tuliyecheza naye mpira utotoni alilala kilabuni akaamka haoni, na mpaka leo huongozwa kwa mkono. Polisi walimkamata mama mpikaji. Mtu wa katikati hakuulizwa hata jina lake. Niliiripoti habari ile kwa sekunde arobaini, baada ya habari za bei ya mahindi, na sikuuliza pia.

Mpwa wangu aliufuta ujumbe wenye pilipili. Akaandika mwingine wa kumshukuru mzee na kumuuliza kwa nini alichagua chupa ile. Jibu lilikuja usiku. Mzee alinunua mbili kwa siku moja, zilizofuatana: namba 142 iko kabatini kwake, na ataifungua akisikia kwamba 143 imefunguliwa Arusha. Basi tumekubaliana iwe siku ya ubatizo wa mtoto, mwezi wa Desemba, na kijana atapiga simu kabla ya kizibo kutoka.

Kilichobaki ni mabishano ya chupa tupu. Kuna bwana anayepita Terrat na mkokoteni akinunua chupa za wiski, na hulipa zaidi kwa zile zenye lebo safi isiyochanika. Wewe unafikiri anakwenda kuzitilia maua? Alikwisha kuiona namba 143 dirishani na kuiulizia bei, ingali imejaa. Dada yangu amemwambia haiuzwi, anaitaka kwa ajili ya samli. Nami nimemwomba jambo moja tu, kwamba kabla ya kuitia samli ailoweke kwenye maji ya moto na kuibandua lebo yote, mpaka kioo kibaki kitupu.